Listen Without Prejudice Vol. 1: Albamu ambayo George Michael aliiuza bila sura yake

Kava ya mbele ya albamu hii haina jina la mwimbaji, haina jina la albamu, wala haina sura yake. Ina picha moja ya nyeusi na nyeupe aliyoipiga mpiga picha Weegee mwaka 1940 katika ufukwe wa Coney Island, New York: umati umejaa mchangani hadi hapaonekani pa kukanyaga, na wengi wameikodolea kamera macho. Ilipoingia madukani Septemba 1990, mwenye albamu alikuwa na miaka 27 na alikuwa miongoni mwa waimbaji waliouza zaidi duniani. Mtu asiyejua angeweza kuipita rafuni akidhani ni kitabu cha picha.

Ukubwa wa uamuzi huo unaonekana ukikumbuka kilichotangulia. Wengi wetu Afrika Mashariki tunamjua George Michael kwa Careless Whisper ya redio za usiku na Last Christmas inayorudi kila Desemba, lakini kilichomfanya staa wa dunia nzima ni Faith ya mwaka 1987. Kavani alikuwa yeye mwenyewe ndani ya koti la ngozi. Nyimbo nne za albamu hiyo zilishika namba moja Marekani: Faith, Father Figure, One More Try na Monkey. Mwaka 1989 ikampa Grammy ya Albamu ya Mwaka, na kwa Marekani peke yake mauzo yake yalivuka nakala milioni 10. Baada ya hapo kampuni yake ya rekodi ilitarajia Faith ya pili. Alichowapelekea ni nyimbo kumi, nyingi zikiwa za taratibu, pamoja na sharti kwamba hataonekana katika video hata moja na hatazunguka kujitangaza kama zamani.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: hilo ndilo dau aliloliweka. Kampuni nayo ilishikilia imani ya kila mwenye duka, kwamba biashara ni matangazo. Kwa miaka mingi albamu hii imesimuliwa kama kisa cha msanii aliyeipa biashara mgongo ili akuze sanaa yake. Ukiisikiliza kwa makini, wimbo baada ya wimbo, simulizi hiyo haisimami. Nyimbo za kuuza zimo, tena za hali ya juu. Tatizo lake ni jingine, na limeandikwa waziwazi kwenye jina: Vol. 1.

Mpango ulikuwa juzuu mbili. Hii ya kwanza ingebeba nyimbo za kutafakari, na ya pili ingebeba nyimbo za kuchezeka. Juzuu ya pili haikutoka. Nyimbo tatu zilizokuwa za enzi hiyo, Too Funky, Happy na Do You Really Want to Know, aliziweka mwaka 1992 katika Red Hot + Dance, albamu ya kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Too Funky ilifika namba 4 Uingereza na namba 10 Marekani, bila albamu yake nyuma yake. Kwa hiyo msikilizaji wa 1990 aliyenunua albamu akitaka kucheza alipewa nusu ya mzigo, na nusu nyingine hakuipata kamwe. Mizani kati ya ukuaji na soko ilipangwa ikamilike katika juzuu mbili. Ilipotoka moja, ikaonekana imeegemea upande mmoja.

Sasa tuingie ndani. Praying for Time inafungua kwa mwendo mzito, ngoma zikidunda polepole, sauti yake ikiwa imezungushiwa mwangwi kana kwamba anaimba kutoka ukumbi mtupu. Hakuna utangulizi wa kubembeleza. Maneno yanahusu matajiri wanaojiita maskini, watu waliofunga milango yao, na Mungu ambaye huenda ameshageuka. Anaishutumu pia sadaka ya msimu, na hapo ni vizuri kukumbuka kwamba anayesema ni mtu aliyeimba katika wimbo wa Band Aid wa 1984 kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, na ambaye mapato ya Last Christmas yalipelekwa huko huko. Hawasemi watu asiowajua. Anauliza swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa sehemu yake, na ndiyo maana wimbo hauna harufu ya mahubiri. Kimuziki, ujasiri wake ni kwamba kiitikio hakipandi ghafla kama cha wimbo wa redio. Melodi inashuka, na nguvu inatoka katika maneno kurundikana. Kuufanya huu uwe singo ya kwanza kulionekana kama wazimu, lakini Oktoba 1990 ulikuwa namba moja Marekani, huku video yake ikiwa ni maneno ya wimbo tu juu ya mandhari ya giza.

Baada yake inakuja Freedom! '90, na hapa ndipo mtu anayetaka kujifunza namna msanii wa pop anavyoweza kukua bila kumpoteza msikilizaji wake anatakiwa kukaa. Alama ya mwaka iliwekwa kwa sababu Wham!, kundi lake la awali, walishakuwa na wimbo uitwao Freedom mwaka 1984. Wimbo una dakika sita na nusu. Msingi wake ni kipande cha ngoma cha Funky Drummer cha James Brown, mkono ukiwa wa Clyde Stubblefield. Juu yake kuna piano ya kanisani iliyopigwa kwa mtindo wa muziki wa klabu za wakati ule, na besi inayozunguka bila haraka. Tazama ujenzi wake. Unaanza na ahadi kwamba hatamwangusha msikilizaji. Kisha beti ndefu zinasimulia: kijana asiyejua anachokitaka, fahari ya kupendwa na wasichana wa shule, sura mpya iliyoandaliwa kwa ajili ya MTV, halafu siku ya kuamka na kugundua kwamba nguo hazimtengenezi mtu. Neno lililo kichwa cha wimbo linacheleweshwa makusudi. Likija, linakuja na kwaya nzima, na ule uchelewaji ndio unaolipa nguvu. Wimbo mfupi wenye kiitikio hicho hicho usingefanya kazi hii. Haya ni maungamo kamili juu ya biashara ya kujiuza, na yamefungwa ndani ya wimbo wa kuchezeka kuliko mwingine wowote katika albamu. Mtu anaweza kuucheza usiku kucha asisikie hata ubeti mmoja, na bado akawa ameupokea ujumbe.

Video yake ilitengenezwa na David Fincher. Kwa kuwa mwenye wimbo hakutaka kuonekana, wanamitindo walifungua vinywa kufuatisha maneno: Naomi Campbell, Linda Evangelista, Christy Turlington, Cindy Crawford na Tatjana Patitz. Katikati ya video koti la ngozi linateketea, gitaa linalipuka, mashine ya kuchezea santuri inalipuka, vitu vile vile vilivyokuwa katika video ya Faith. Hili ni funzo la kazi kwa yeyote anayesimamia msanii: ukiiondoa sura inayouza, lazima kitu kingine kinachotazamika kikae mahali pake. Kwa wimbo huu walikiweka. Kwa nyimbo nyingine nyingi za albamu hawakuweka chochote.

Wimbo wa tatu, They Won't Go When I Go, ni wa Stevie Wonder na Yvonne Wright, kutoka albamu ya Stevie ya 1974. George aliyaacha maumbo ya wimbo kama yalivyokuwa, akautegemeza kwenye piano, kisha akajijengea kwaya ya sauti zake mwenyewe. Kama ushahidi wa koo lake, hauna mpinzani humu. Anashika noti ndefu za chini bila kutetereka, na anapopanda hapigi kelele. Lakini umewekwa pabaya. Ukitoka kwenye Freedom! '90 mwili bado umechangamka, halafu unaingizwa kwenye wimbo wa maombolezo wa zaidi ya dakika tano. Ungekaa wa saba au wa nane ungezikwa vizuri zaidi. Something to Save inayofuata ni fupi, ya gitaa lisilo la umeme, nzuri na isiyoacha alama kubwa.

Cowboys and Angels ndiyo kipimo halisi cha ukuaji. Dakika saba na robo, kwa mwendo wa vals, yaani hesabu ya moja-mbili-tatu badala ya moja-mbili-tatu-nne ambayo pop nzima imejengwa juu yake. Besi inatembea, ngoma zinapapaswa zaidi ya kupigwa, saksafoni inaingia inapotakiwa na kutoka mapema. Mwimbaji anakaa nyuma kidogo ya mpigo, kama wafanyavyo waimbaji wa jazi, na hakuna mahali anapojaribu kukuaminisha kwamba anajua jazi. Anaiimba tu. Maneno ni ya watu watatu wasiopendana kwa wakati mmoja. Wimbo kama huu haukatiki: ukiutoa dakika tatu ili redio iupige, umeondoa kile kile kinachoufanya upumue. Walipoutoa kama singo Machi 1991, ukaishia namba 45 Uingereza, wimbo wake wa kwanza kukosa arobaini bora. Haukushindwa kwa ubaya wake. Ulipelekwa sokoni ambako haukuwa na shughuli.

Kwa wenye santuri, hapo ndipo upande wa kwanza unapokwisha. Upande wa pili unafunguliwa na Waiting for That Day, na hapa kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hulipita: ngoma ni zile zile za Funky Drummer. Kipande kile kile kilichokuwa kinainua watu kwenye wimbo wa pili, sasa kimewekwa chini ya gitaa kavu na sauti ya mtu aliyeachwa, na kinasikika kichovu. Kipande hicho kilikuwa kimeshatumika mno katika rapu, na George anaonyesha kwamba kilikuwa na huzuni ndani yake muda wote. Mwishoni anaingiza mstari maarufu wa Rolling Stones, na kwa sababu hiyo majina ya Jagger na Richards yamo katika orodha ya watunzi. Ndivyo inavyotakiwa kufanywa. Ukichukua mstari wa mtu, jina lake liingie, na mgao wake ujulikane kabla wimbo haujatoka. Wasanii wetu wanaopenda kuchomeka kiitikio cha zilipendwa katikati ya wimbo mpya wangejiepushia kesi nyingi kwa kufuata utaratibu huo mmoja.

Mother's Pride inamhusu mama anayemlea mtoto wa kiume kisha vita vinamchukua. Imesimama kwenye ngoma za kijeshi za mbali, na ni wimbo ambao ungeweza kuangukia machozi ya bei rahisi kama sauti isingedhibitiwa. Vita vya Ghuba vilipoanza mapema 1991, redio za Marekani ziliupiga sana ingawa haukuwa umetolewa kama singo yenyewe. Ulikuwa upande wa pili wa singo ya Waiting for That Day.

Heal the Pain ndiyo lulu iliyofichwa. Gitaa jepesi, sauti tatu nne zikipandiana, zote zake, na melodi iliyofuata njia za Paul McCartney kwa uwazi kiasi kwamba McCartney mwenyewe alikuja kuurudia pamoja naye, ukatoka katika Twenty Five ya mwaka 2006. Hauna kipande kinachozidi. Kila ubeti unaongeza sauti moja ya pembeni, na ukifika mwisho unagundua wimbo umejaa bila kuongezwa hata ngoma kubwa. Soul Free inakuja na sauti nyembamba ya juu na mdundo wa klabu za London za mwaka ule. Ni wimbo wa pili na wa mwisho wa kuchezeka, nao umezeeka kuliko wote kwa sababu sauti zake za kinanda zimefungwa na wakati wake. Waiting (Reprise) inafunga kwa dakika mbili na nusu hivi, ikirudia mawazo ya wimbo wa sita kwa utulivu, kama mtu anayejiuliza kama bado ana nafasi ya kujaribu tena.

Kwa jumla ni dakika 48, na karibu zote ameziandika, kuzipanga na kuziprodyuzi mwenyewe, huku akipiga vyombo vingi kwa mkono wake. Deon Estus, aliyekuwa naye tangu Wham!, yupo kwenye besi. Kilichokua kuliko vyote ni uwezo wa kuacha. Faith imejazwa hadi ukingoni: kila sekunde ina pambo, kila pambo linataka usikilizwe. Hapa kuna nafasi tupu kati ya vyombo, na sauti inaachwa peke yake mara nyingi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kujaza, kwa sababu kosa lolote la pumzi au la noti linasikika.

Turudi sokoni, maana huko ndiko ilikoumia, na namba zinaeleza vizuri kuliko malalamiko. Uingereza singo ya pili ilikuwa Waiting for That Day, iliyofika namba 23. Freedom! '90 ikasubirishwa hadi Desemba ikawa ya tatu, ikafika namba 28. Heal the Pain ikafuata Februari 1991, namba 31. Marekani walibadili mpangilio: baada ya Praying for Time wakatoa moja kwa moja Freedom! '90, ikafika namba 8, kisha ndipo Waiting for That Day ikafika 27. Wimbo ule ule, video ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa zamu. Uingereza waliweka nyimbo mbili za huzuni mfululizo mbele ya msikilizaji aliyekuwa bado hajaelewa kama mtu wake amebadilika au anaumwa, na walipokuja kumpa wimbo wa kucheza wengi walikuwa wameshafanya uamuzi. Zaidi ya hapo Desemba ni mwezi wa nyimbo za Krismasi na vigogo wa sikukuu. Wimbo wa dakika sita na nusu unaohitaji kuzoeleka hauna mahali hapo.

Kama kuna anayeshuku kwamba wimbo wenyewe ulikuwa na uwezo, Robbie Williams aliurudia mwaka 1996, ukiwa singo yake ya kwanza baada ya kutoka kundi la Take That, ukafika namba 2 huko huko Uingereza. Sauti ya Robbie haifikii nusu ya ile ya mwenye wimbo. Alichokuwa nacho ni sura mbele ya kamera, kisa kipya magazetini, na majira ya joto badala ya Desemba.

Ziara nayo haikusaidia. Mwaka 1991 George alizunguka na Cover to Cover, maonyesho ambayo kwa sehemu kubwa aliimba nyimbo za watu wengine. Kisanaa ilikuwa furaha kwake, na ndiko ilikotoka Don't Let the Sun Go Down on Me aliyoimba na Elton John Wembley mwezi Machi, iliyokuja kushika namba moja Uingereza na Marekani. Lakini kwa albamu iliyokuwa dukani bila sura kavani na bila mwimbaji kwenye video, jukwaa lilikuwa ndiyo nafasi ya mwisho ya watu kuzisikia nyimbo zake kutoka kinywani mwake. Nafasi hiyo haikutumika. Hapa lawama si ya kampuni.

Matokeo hayakuwa aibu. Ilishika namba moja Uingereza, ikafika namba 2 Marekani, ikachukua tuzo ya BRIT ya Albamu Bora ya Uingereza mwaka 1991. Ila cheti chake cha Marekani kilikuwa cha nakala milioni 2, na ukiweka hapo pembeni Faith yenye zaidi ya milioni 10, mhasibu yeyote angekunja uso. CBS Records ilikuwa imenunuliwa na Sony mwaka 1988. George aliamini wamiliki wapya hawakuitangaza albamu ipasavyo kwa sababu alikataa kuwa staa wa aina waliyoitaka, na mwaka 1992 akaenda mahakamani London kutaka mkataba wake uvunjwe, kwa hoja kwamba unamfunga kupita kiasi katika kazi yake. Juni 1994 hukumu ikaipa Sony ushindi. Hakutoa albamu mpya hadi Older ya mwaka 1996, baada ya Virgin na DreamWorks kumnunua kutoka kwenye mkataba. Miaka sita ya mwimbaji aliye katika ubora wake ikaenda hivyo. Mkataba uliomshinda alikuwa ameujadili upya mwaka 1988, akiwa katika kilele cha Faith, wakati wa vicheko. Kifungu kinachoumiza husainiwa siku za neema, kwa sababu siku hizo hakuna anayekisoma.

Kuhusu nakala ya kununua leo. Toleo la awali la 1990, iwe santuri, kaseti au CD, lina nyimbo kumi tu na linatosha kabisa kwa anayetaka albamu yenyewe. Ukiipata santuri ya zamani, kagua kwanza nyimbo za taratibu, hasa mwanzo wa They Won't Go When I Go na Waiting (Reprise). Mikwaruzo inayofichwa na ngoma za Freedom! '90 hapo itasikika yote. Oktoba 2017, chini ya mwaka mmoja baada ya kifo chake, ilitolewa upya ikiwa imesafishwa, ikarudi namba moja Uingereza. Toleo la CD mbili limeongezewa MTV Unplugged ya mwaka 1996, na hilo ndilo tunalolipendekeza kwa wengi: kumsikia akiimba Freedom! '90 na Praying for Time mbele ya watu wachache, bila mashine za studio, kunathibitisha kwamba mwangwi wa albamu haukuwa wa kuficha kitu. Toleo kubwa lina CD tatu na DVD, pamoja na nyimbo zilizokuwa upande wa pili wa singo, matoleo yaliyochanganywa upya, na Fantasy iliyofanyiwa kazi upya ikiwa na mpiga gitaa na prodyuza Nile Rodgers. Fantasy ya awali, iliyokuwa nyuma ya singo enzi hizo, ina joto zaidi. Hiyo ya Nile Rodgers imebana sana. Toleo hilo linunue ukiwa mpenzi wa kukusanya, si kwa usikilizaji wa kawaida.

Kwa anayesikiliza kwenye simu, mambo matatu huharibu albamu hii. La kwanza ni spika ya simu yenyewe. Haitoi besi, na bila besi Cowboys and Angels inabaki saksafoni na hewa, wakati Soul Free inapoteza mgongo. Vaa hedifoni au unganisha na spika mbili zilizoachana, maana sauti za pembeni za Heal the Pain zimepangwa kushoto na kulia. La pili ni kuchanganya mpangilio wa nyimbo. Waiting (Reprise) haina maana kama Waiting for That Day haijatangulia. La tatu ni toleo lililokatwa la Freedom! '90 lililojaa katika mikusanyiko ya nyimbo bora. Angalia muda kabla ya kubonyeza: likiwa pungufu ya dakika sita, si lenyewe. Na ongeza sauti kidogo kuliko ulivyozoea kwa muziki wa leo, kwa kuwa CD za 1990 hazikubanwa ili zipige kelele, na sehemu za kunong'ona zinahitaji nafasi.

Aliyeipenda Faith kwa sababu ya kucheza asianze mwanzo. Aanze na wimbo wa pili, aende wa nane, kisha wa sita ili asikie zile ngoma zilivyogeuzwa, ndipo arudi wa kwanza akiwa na maneno mbele ya macho. Cowboys and Angels aiweke siku ya pili, usiku, asiwe na safari ya kuwahi. Aliyempenda kwa Careless Whisper yeye aanze moja kwa moja na huo wa tano, kwa kuwa masikio yake yameshazoea kumngoja mpiga saksafoni, kisha asikilize upande wa pili wote bila kukatisha, dakika ishirini na moja hivi, na ukifika Soul Free aamue mwenyewe kama auruke.